Chakula cha Seli za Shaibu

Shemeji yangu Shaibu, nahodha wa boti ya hifadhi ya bahari, alikuwa mtu wa kumkemea papa potwe na papa akaomba radhi. Lakini saratani ya mirija ya nyongo haikemeki. Ilimgeuza manjano, macho mpaka kucha. Akapasuliwa Dar es Salaam, akarudi, tukamzika kwetu kisiwani, Baleni.

Dada yangu Thuwaiba alikuwa bado ndani ya eda, kajifunika nyeupe, alipofika Daktari Cresensia kutoka maabara ya huko Dar.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu."

Akaeleza. Kile kinyama walichokata kwenye uvimbe, kwa ridhaa ya marehemu, walikiotesha chupani. Aghalabu seli hizo hufa. Hizi zimeshika, zinajigawa, na zitafaa kujaribia dawa miaka na miaka. "Ila nilimwahidi marehemu kuwa sitaendelea bila wewe kuridhia."

Dada akamsogelea. Kisha: "Kwa hiyo yu hai?"

"Seli ndizo hai, mama."

"Zinakula?"

"Zinakula."

"Basi ni Shaibu hasa," nikadakia. "Kwa ulafi wake, mkimwachia atajaza Ghuba ya Chole."

"Kaka, hebu nyamaza! Zinakula nini?"

Daktari angesema virutubisho tukaishia hapo. Lakini mkweli yule. "Majimaji yenye sukari, chumvi, na ute wa damu ya ndama."

"Damu!" Dada akasimama. "Mtu hakukosa swala ya alfajiri hata bahari ikichafuka, leo mnamlisha damu? Na mimi nimekalia eda ya nani? Nirudishieni, nimzike mzima."

Hata mimi kicheko kilinikauka. Kwetu kinachokatwa kwa mtu huzikwa, hata kiwe kidole.

"Nitaleta, mama. Ni haki yako," Cresensia akasema polepole. "Ila nisikufiche: hatukuotesha moyo wake wala mikono yake. Kilicho chupani ni ule ugonjwa wenyewe."

"Ule uliomuua?"

"Ule ule. Tunauweka hai ili tuutese, kwa dawa hii na ile, mpaka tujue ipi inauua."

Thuwaiba akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Yaani huyo muuaji mmemfunga?"

"Tumemfunga."

"Hatoki?"

"Hatoki, mama."

"Basi huyo si mume wangu, na kaburini kwake simpeleki. Mlisheni damu, mlisheni apendacho. Lakini siku mtakayopata cha kumuua, mwanangu, nipigie simu mimi kwanza."