Picha ya Taa Tupu

Nyongesa alikuwa fundi wa picha hodari na mfanyabiashara wa kutia huruma. Watu wa Kambi Muru, pale Kibera, waliyajua yote mawili, na hilo la pili ndilo lililowafurahisha zaidi. Ukitaka kupigwa picha mwaka ule wa sabini na nane, na mfuko wako mkavu, uliingia tu chumbani kwake ukasema, "Baba Nekesa, nitaleta mwisho wa mwezi," naye alikuvalisha koti la studio, akakufunga tai, akakusimamisha mbele ya pazia la maua na kukupiga. Mwisho wa mwezi ulifika, wewe hukufika. Picha yako ilibaki ukutani kwake ikitabasamu bure.

Ukuta mzima ulijaa watu wa namna hiyo. Bi Mabruka, mama wa Kinubi mwenye nyumba, alikuja siku moja kudai kodi, akawatazama mmoja mmoja kwa utulivu.

"Hawa wote wanakaa kwangu," alisema, "na hakuna hata mmoja analipa."

Nabalayo, mke wa Nyongesa, hakucheka. Alikuwa ameacha kulisema jambo hilo. Alimtazama yule wa koti, akamtazama yule wa miwani, akaitazama sufuria, kisha akamhamisha mtoto wao Nekesa kutoka ziwa moja hadi jingine na kunyamaza. Kimya hicho ndicho kilichompeleka Nyongesa Kawangware, kwa Gachanja.

Gachanja alikuwa na studio yenye kioo mlangoni na benchi la wateja kungojea zamu. Walifahamiana zamani, wote wawili walipokuwa wakiosha picha kwenye duka moja la mjini. Alimkaribisha chai, akamuuliza swali moja tu.

"Picha unauza ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Yule wa Makina anauza tatu na nusu."

Gachanja alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Umehesabu filamu?"

"Nimehesabu."

"Karatasi? Dawa?"

"Hizo pia."

"Na kodi ya nyumba? Basi ya kwenda mjini kununua hiyo dawa? Na zile zinaharibika? Na wewe mwenyewe, bwana, unakula nini? Hewa?"

Nyongesa alikodolea macho chai yake. Katika hesabu zake zote hakuwahi kukumbuka kwamba tumbo lake nalo lilikuwa gharama.

"Sikiza," Gachanja alisema. "Shilingi tano. Tatu mbele, mbili akichukua. Hizo tatu zikulipe kila kitu, hata asiporudi. Akirudi, hizo mbili ndio unga ya watoto. Na usiogope bei. Mtu anafua nguo, anaoga, anachana nywele, halafu akimbie juu ya shilingi mbili?"

"Na asiye nazo?"

"Huyo usimfukuze. Ukimfukuza ataenda kukuchafulia jina pale kwa mfereji. Mvalishe, mkalishe, halafu mpige taa tu." Alichukua taa yake ya betri na kumwonyesha kidude cha kujaribia kilichokuwa nyuma yake. Alikibonyeza. Chumba kikawaka cheupe na kamera haikushtuka. "Umeona? Taa inawaka, filamu inalala. Akileta pesa unamwambia, pole sana, ulifumba macho, keti tena. Hapo unampiga ya ukweli. Asipoleta, umepoteza nini?"

"Lakini huo ni uwongo, Gachanja."

"Unamuumiza nani?"

Nyongesa alimtafuta mtu huyo wa kuumia njia nzima, kwa miguu, mpaka akafika kwake. Hakumpata.

Basi akaanza. Kufikia mara ya tatu alikuwa ameuzoea uwongo huo, na kabla mvua za masika hazijaisha studio ilikuwa imeanza kupumua. Bi Mabruka alilipwa. Nabalayo alinunua sufuria la pili, akarudia kuimba akifua. Zile picha za bure zilibanduliwa, ukuta ukapakwa chokaa, likaja pazia jipya lenye ndege iliyochorwa, na watu wa Ayany, wenye mishahara yao, wakaanza kushuka Kibera kupigwa picha mbele ya ndege hiyo. Bei ya tano haikumfukuza mtu. Kilichowashangaza wateja ni jinsi watu wa Kambi Muru walivyopenda kufumba macho. Wengine walilaumu taa, kwamba ilikuwa kali kupita kiasi, na wakirudi kuketi mara ya pili waliyatoa macho kama waliokabwa. Nyongesa alicheka nao. Ukweli ni kwamba alikuwa na raha, na raha hiyo alikuwa ameitolea jasho, mimi simnyimi.

Adero alikuja Jumapili moja baada ya kanisa. Aliuza makaa Silanga, karibu na bwawa, na siku za kazi hungemtambua kwa vumbi jeusi. Siku hiyo alikuwa amejisugua mpaka anang'aa. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike wa miezi sita, Aluoch. Mumewe alikata miwa huko Nyanza, aliondoka mimba ikiwa changa, na mtoto hakuwahi kumwona.

"Kila mtu akitoka huku, babake anamuuliza, huyo mtoto anafanana nani," Adero alisema. "Sasa mimi nitamwonyesha na mdomo, Baba Nekesa? Nataka aone mwenyewe."

Alikuwa na shilingi moja. Aliitoa kwenye ncha ya kanga na kuiweka mezani, akaiondolea mkono haraka ili isije ikarudishwa.

Nyongesa aliirudisha, tena kwa upole, kwa kuwa alijiona muungwana. "Mama, mnunulie mtoto uji. Hizo tatu utaleta wiki ijayo."

Adero alimshukuru mpaka ikawa aibu. Akachagua kofia nyeupe ya sufu, ile aliyoifuma Nabalayo kwa ajili ya Nekesa na ambayo sasa kila mtoto wa studio aliivaa. Akazifunga kamba zake chini ya kidevu cha Aluoch, akamkalisha kwenye kiti, akajibana kando akimshika kiuno kwa vidole viwili ili mkono wake usionekane. Nyongesa akainama nyuma ya kamera, akasema tayari, akabonyeza kidude. Macho yake yalikuwa kwenye kile kitaa chekundu cha betri, akihofia isimzimikie kabla ya jioni. Adero akapiga ukelele wa furaha, na hata huo hakuugeukia.

Wiki iliyofuata Adero hakuja, wala ile nyingine. Nyongesa hakushangaa; alikuwa amekwisha kumsahau. Surua ilipita Silanga mwezi ule, ikabisha mlango huu na ule, na vijeneza vidogo vilipelekwa makaburini Lang'ata mikononi, bila gari.

Adero alikuja siku ya Jumatano, mchana, na vumbi lake la makaa. Hakuketi. Alifungua kanga, akamwaga sarafu mezani, shilingi tano kamili, nyeusi vidoleni mwake na nyeusi mezani.

"Zote niko nazo," alisema. "Nipe picha."

Nyongesa alikuwa akipanguza kamera. Maneno yalimtoka yenyewe, yale yale, laini kwa kutumika, kabla hajamtazama mwanamke usoni.

"Pole sana, mama. Ilitoka macho imefumba. Mlete tu tukae tena."

Adero akasema, bila hasira yoyote, "Nipe hiyo hiyo. Hata mimi nikimwona mara ya mwisho, ilikuwa imefumba."

Nyongesa aliketi. Alimsikia Adero kama mtu aliye ng'ambo ya ukuta: surua, homa ya siku chache, mtoto alizikwa Jumamosi iliyopita, babake amepata habari kwa mtu wa basi, anafika Jumamosi hii, hajamwona mtoto wake hata siku moja, na sasa kilichobaki ni hiyo picha.

"Jumamosi," Nyongesa alisema. "Itakuwa tayari Jumamosi."

Kwa nini alisema hivyo? Mlango ulikuwa wazi, ukweli ulikuwa na nafasi ya kupita. Lakini alikuwa mwoga, na mwoga akipewa siku tatu huzichukua.

Kesho yake alikwenda tena Kawangware. Gachanja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie filamu iliungua," alisema hatimaye. "Mrudishie pesa yake, ongeza na yako."

"Na babake nimpe nini?"

Gachanja alijikuna shingo. "Ni kofia ile ile kila mtoto anavaa, si ndiyo? Na babake hajui sura." Aliyasema hayo akitazama chini, kisha akainuka kumhudumia mteja ambaye hakuwa ameita.

Nyongesa alizipekua filamu zote alizokuwa nazo, akiziinua moja moja dirishani. Watoto wenye kofia nyeupe walikuwa wengi, lakini wote walikuwa macho wazi, wote walikuwa wamelipiwa. Wa macho yaliyofumba alikuwa mmoja tu. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kidogo, siku ile kofia ilipotoka kwenye sindano na babake akataka kujaribu taa mpya. Alikuwa Nekesa.

Alitundika blanketi mlangoni na kuanza kazi. Sura ya bintiye ilikuwa ikijitokeza taratibu ndani ya karai la dawa Nabalayo alipoingia.

"Hiyo ya nini? Si tuko nayo?"

Akamwambia. Yote, kuanzia kidude cha taa. Nabalayo hakujua hilo. Alidhani ni bei tu iliyowaokoa.

"Mtoto wangu mzima," alisema polepole, "unampeleka akakae kwa ukuta wa watu wamefiwa?"

"Nifanye nini, Nabalayo?"

Alingoja jibu, kwa maana alilihitaji kweli. Nabalayo alitazama karai, akatazama lile sufuria la pili lililokuwa likitokota kwenye jiko. Akamtwaa Nekesa sakafuni, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalia, akatoka naye.

Jumamosi walikuja wawili. Mume alikuwa mrefu, amevaa koti la kuazima, mikono imejaa makovu ya majani ya miwa. Nyongesa alimpa picha ndani ya bahasha. Yule bwana alifuta viganja kwenye suruali, akaitoa, akaishika pembeni kwa ncha za vidole.

Aliitazama kwa muda mrefu sana.

"Ona paji la uso," akasema. "Hii ni ya mama yangu. Adero, hii si ni ya mama yangu kabisa?" Na machozi yakamtoka bila kujificha, yakamshuka mpaka shingoni, naye akawa anayafuta kwa bega ili asiiachie picha. "Amelala tu. Ona vile amelala."

Akamgeuzia mkewe. Adero aliinama. Nyongesa aliuona uso wake ukiitafuta picha kona hadi kona, kwanza kwa pupa, kisha polepole, kisha ukaacha kutafuta. Alipomwinulia Nyongesa macho hapakuwa na swali ndani yake.

"Ndiye," alimwambia mumewe. "Ni yeye."

Mume alimshika Nyongesa mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita ndugu, akataka kumwongeza shilingi mbili za kushukuru. Nyongesa alizikataa. Alikataa na zile tano, akazisukuma zile sarafu nyeusi mezani, lakini yule bwana hakutaka kusikia: hii kazi ni ya mtu, alisema, na mtu alipwe. Akatoka nje, na hapo hapo uchochoroni wakamsikia akimsimamisha mpita njia. Njoo uone mtoto wangu.

Adero hakumfuata.

"Wangu alikuwa na alama ya moto," alisema. "Hapa, kwa kidevu. Jiko ilimrukia. Niliifunika na kamba ya kofia ndiyo babake asiulize." Akashusha pumzi. "Usimwambie. Acha akuwe na mtoto."

"Mama Aluoch…"

"Picha ya wangu iko wapi?"

Angeweza kusema iliungua. Gachanja alimpa uwongo huo ukiwa umeiva.

"Haiko," Nyongesa alisema. "Haikupigwa. Ilikuwa taa peke yake. Hukuwa na pesa, nikawasha taa tu."

Alitarajia matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Alitarajia amrukie, avunje kamera, aite watu. Adero aliangalia kile kiti mbele ya ndege ya kuchorwa, akaenda akagusa mgongo wake kwa vidole viwili, pale pale alipokuwa ameshika kiuno cha mtoto.

"Alicheka," alisema. "Ile taa ilipowaka. Alikuwa hajawahi kucheka na sauti, hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza, na nikasema, asante Mungu, imeingia kwa picha." Akamgeukia. "Wewe ulikuwa unaangalia mbele yake. Mimi nilikuwa kando. Alikaa aje, Baba Nekesa? Niambie tu vile uso wake ulikaa."

Nyongesa alikumbuka shilingi moja mezani. Alikumbuka kamba za kofia, na ukelele wa Adero. Alikumbuka vizuri kabisa kile kitaa chekundu cha betri na hofu yake kwamba haitafika jioni.

"Sikuangalia," alisema.

Adero alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Nje mumewe alikuwa akimwita. Akajifunga kanga, akaenda.