Pua Zenye Rangi ya Viatu

Kinyaa kilimwanzia Daktari mlangoni mwa zizi, kabla hata hajaona ng'ombe. Harufu ya mavi na mkojo aliizoea. Miaka kumi na moja ya kutibu mifugo si mchezo, na mkono wake ulishaingia mahali ambapo wewe msomaji usingependa kusimuliwa. Hii ilikuwa harufu nyingine. Zizi zima lilinukia kama kibanda cha mng'arisha viatu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Daktari wetu! Kichwa cha ukoo mzima!" Mjomba, kaka wa mama yake, alimpokea kwa mikono miwili na kuanza kumvika kilemba cha ukoka palepale. "Karatasi ziko mezani, chai iko mezani. Wewe gonga muhuri tu, tunywe kabla haijapoa."

Karatasi zenyewe zilikuwa za kibali cha kusafirisha mifugo. Mitamba watano wa maziwa, wote wenye mimba, walitakiwa mnadani kesho asubuhi. Bila saini ya Daktari chini ya maneno "nimewakagua na ni wazima", hakuna lori ambalo lingewapakia.

"Niwaone kwanza," Daktari alisema.

"Uwaone wa nini? Wana vijimafua, basi. Hata wewe una mafua."

"Mimi sina mafua."

"Utayapata. Hali ya hewa hii haieleweki."

Daktari akampita. Mitamba walikuwa wamefungwa kwenye mstari, na mtu wa kuwatazama kwa mbali angewapigia makofi. Ngozi zilikuwa zimepigwa brashi, kwato zimeoshwa, na pua, jamani, pua zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa kiasi cha mtu kujitazama akachana nywele. Lakini machozi yalikuwa yamechora michirizi mashavuni, na ute ulidondoka midomoni kama uzi. Yule wa katikati alikohoa kikohozi kirefu, kisha akanyoosha shingo na kupumua kwa mdomo. Ng'ombe hapumui kwa mdomo kwa raha zake.

Daktari akampima homa. Nyuzi arobaini na moja na ushee. Akatoa pamba kwenye mkoba, akamshika pua, akafuta. Pamba ikatoka nyeusi. Akainusa.

"Mjomba, umempaka nini huyu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya ngozi." Mjomba alitazama paa. "Si ya viatu? Na viatu si ngozi? Na ng'ombe si ndiye mwenye ngozi?"

Kha! Daktari akaendelea kufuta. Chini ya weusi ule pua ilikuwa nyekundu kama nyama iliyochunwa, imejaa vidonda vyenye magamba ya kijivu. Pamba ilipogusa gamba moja likabanduka, na kamasi nzito ya manjano, iliyochanganyika na rangi, ikamchuruzikia kwenye glavu mpaka kifundoni. Hapo ndipo mtamba alipopiga chafya. Mvua yote ile ikamwangukia Daktari usoni, kwenye miwani, na kwenye mdomo aliokuwa ameufungua ili agombe.

Akatema. Akatema tena. Wala si kwa ajili ya kamasi, maana kamasi huoshwa. Alimwonea kinyaa mtu mzima, mwenye mvi zake, aliyeinama hapa alfajiri na kitambaa cha viatu akasugua kidonda kibichi cha mnyama anayetafuta pumzi. Kisha akaenda kwa wa pili na wa tatu kwa kitambaa kilekile, akiupeleka ugonjwa pua hadi pua na kuufunika hapohapo.

"Haya si mafua," alisema. "Nadhani ni ugonjwa wa pua nyekundu. Ni virusi. Nitachukua sampuli maabara ithibitishe, lakini hapa hatoki ng'ombe hata mmoja. Ugonjwa huu huambukiza kwa pumzi, kwa ute, kwa hicho kitambaa chako. Mwenye mimba huitoa. Na akipona usifurahi. Virusi vinajificha ndani yake maisha yake yote, na siku akichoka vinatoka tena kwenda kwa wenzake."

"Ohoo! Leo unanifundisha ng'ombe mimi, niliyekubeba mgongoni ukanikojolea shati?"

"Mjomba, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Methali hazilishi ng'ombe, mwanangu. Damu nzito kuliko maji, na muhuri ni kazi ya sekunde moja. Wakishafika kwa mtu wakaugua, si wameugulia kwake? Nani atajua?"

Alisema hivyo kwa sauti ya upole, sauti ileile aliyokuwa akimbembelezea alipokuwa mtoto. Daktari alitamani kumtapikia viatuni.

"Tena nakushangaa," Mjomba akaendelea. "Wale wawili wa mwezi jana mbona uligonga bila kelele?"

Daktari alibaki ameshika pamba. Alikumbuka. Mjomba alimfuata ofisini saa ya chakula, foleni ya watu mpaka nje, simu iko sikioni mwa Daktari. Mitamba wawili, alisema, wazima kama sisi, nampelekea mwalimu mmoja mstaafu. Naye Daktari akagonga muhuri bila kuinua uso. Mjomba wake wa damu, amdanganye yeye?

"Nao uliwapaka?" aliuliza.

Mjomba akacheka kwa dhati kabisa. "Wale niwapake wa nini? Hukuja kuwatazama."

Daktari alitoka nje. Alinawa uso kwa sabuni, akasukutua, akanawa tena, na mikono bado aliiona michafu. Akapiga simu.

"Daktari wangu!" Mwalimu mstaafu alikuwa na sauti ya mtu asiyependa kukatizwa. "Wale mitamba uliowagongea muhuri hawajambo. Walikuja na mafua kidogo, yakapona. Ila ng'ombe wangu mkubwa katoa mimba juzi. Ndama alishaota manyoya, mwanangu. Nimelia kama nimefiwa."

"Pole sana, Mwalimu. Kuna mtaalamu aliyemwona?"

"Wa nini, na mimi sababu naijua? Ni mkamuaji wangu. Hasira zake nazifahamu. Kampiga teke la tumbo. Nikamuuliza, akaapa hajamgusa, akaapa mpaka kwa jina la mama yake. Nikamwambia muongo mkubwa wewe, unaua ndama na kuapa juu! Nimewatoa jana yeye, mkewe na godoro lao. Na majirani nimewaonya wote, asije akapewa ng'ombe wa mtu tena."

Nyuma ya Daktari, Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi, akimwonyesha kwa ishara kwamba chai inapoa. Daktari akampa mgongo. Angeweza kusema mtandao unasumbua. Angeweza kusema atapita kesho kuchukua sampuli, akaacha mengine yajisemee yenyewe. Wazo hilo lilimjia lote, limenyooka na kusafishwa, na alipolitambua limetoka ukoo gani akalitema.

"Mwalimu, yule mtu hakusema uongo," alisema. "Muongo ni mimi. Niliandika nimewakagua wale mitamba, na sikuwakagua. Walikuja wagonjwa. Wamemwambukiza ng'ombe wako, ndiyo maana katoa mimba."



"Wameondoka na lori la mkaa," Mwalimu alisema taratibu. "Sikuwauliza wanakwenda wapi. Sasa mimi nitampata wapi?"