Kioo Alichonichorea Akello

Douglas alinipigia simu kutoka Jinja kwa ile sauti yake ya afande wa magereza. "Mama Akello, Jumamosi namleta mtoto Mbale. Akitaka mwenyewe, abaki kwako mpaka shule zifunguliwe. Muulize wewe." Akakata. Ati muulize wewe! Mtoto wa kumzaa mwenyewe, akamchukua tulipoachana, leo nimbembeleze kama mgeni!

Lakini nilifurahi, uongo wa nini. Nyumba yangu hapa mtaani Nabuyonga ina kimya kinachochosha. Kuna jioni najikuta naisemesha sufuria.

Mimi ni mwalimu wa nasari, najua kuwavuta watoto. Akello ana miaka sita. Alifika mkoba kaukumbatia, baba yake akaenda kuwaona rafiki zake mjini. Nikamwekea mezani karatasi nyeupe na krayoni. "Leo tunatengeneza kioo," nikamwambia. "Chora picha, jaza rangi kila mahali, halafu zungushia mistari minene myeusi." Kichwani nilikuwa na madirisha ya kanisa, yale ya rangi rangi. Picha ikiisha, unaipaka mafuta ya kupikia kwa pamba upande wa nyuma, unaifuta, unaibandika dirishani. Jua likipita, weee, sakafu inajaa rangi mpaka watoto wanairukia.

Akachora mwanamke mmoja katikati, gauni la kijani kama langu siku hiyo. Kwingine kote akajaza manjano. Tulipobandika, kijani kikatua miguuni petu, Akello akacheka kwa mara ya kwanza. Nikajiambia, sasa ndiyo namuuliza.

Nikaanzia mbali. "Na wewe uko wapi hapa?"

Akanishangaa, akanijibu kwa Kiswahili chao cha kambi ya magereza. "Mimi hapana. Si umesema kioo? Wewe naangalia kioo, naona sura yako. Hii ni ya wewe."

Kumbe! Mimi nimesema kioo cha dirisha, yeye kasikia kioo cha kujitazamia. Nilimwelewa vizuri kabisa, na bado haikunisaidia. Nilimtazama yule mwanamke peke yake kwenye manjano yote yale, nikaona mtoto ameshanijibu: habaki. Swali nikaliacha papo hapo. Nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Jioni Douglas akapiga honi. "Vipi, amekubali kubaki?"

Nikamjibu upesi, kabla mtoto hajafungua mdomo, maana kukataliwa mbele ya mwanamume yule nisingeweza. "Hataki. Nenda naye."

Nikamfunga Akello mkanda, nikaubamiza mlango wa gari kwa hasira zangu. Gari lilikuwa limeshaanza kuondoka nilipomsikia dirishani akimuuliza baba yake:

"Baba, mimi nakataa nini?"

Niliita. Gari halikusimama.