Theluji Katikati ya Mlima

Duan Cuiyun, mtafiti wa miti, alifika kwenye kitalu cha kati, kipande cha msitu alichokipima kila mwaka. Alishusha begi, akakaa juu ya gogo, akavua kofia. Luo Shunfa, aliyekuwa nyuma yake na mwanzi mrefu wenye mkasi nchani, alifika akihema, akatazama juu, naye akakaa.

Juu palikuwa na mbingu tupu. Mwaka uliotangulia mahali hapo palikuwa na kiza hata saa sita mchana. Sasa mialoni mikubwa ilikuwa imekatika viunoni, matawi yamelaliana chini, mengine yakiwa bado na vibati vyenye namba alivyovigongomea Cuiyun mwenyewe.

"Theluji ya mwezi wa kwanza," Shunfa alisema. "Kule kijijini ilivunja paa la zizi langu tu. Nikadhani imetuonea huruma."

"Ilikuwa na kazi huku, shemeji."

Walikuwa mashemeji wa zamani. Mdogo wake Shunfa aliwahi kuwa mume wa Cuiyun, akaenda mji wa Shenzhen kutafuta maisha, na huko akapata maisha pamoja na mke mwingine. Ndoa ilivunjwa, lakini kila majira ya kuchipua Cuiyun aliendelea kuja kutoka Kunming kupanda mlima wa Ailao, na Shunfa aliendelea kumkatia majani ya kupima. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Kazi ilikuwepo tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima jinsi miti inavyoishi. Bondeni, karibu na mto, kuna joto na ukame, na majani ni madogo, magumu, yenye kubania maji. Kileleni kuna upepo na baridi, na huko nako majani ni madogo na magumu kama ngozi. Ni hapa katikati, mawingu yanapotua, ambapo kila mti ulijichagulia njia yake: jani pana laini jirani na jani jembamba gumu, mti wa kukua haraka ubavuni mwa mti usio na haraka. Alipochora hesabu za tofauti hizo kwenye karatasi, mchoro ulitoka kama nundu ya ng'ombe. Nundu ilikuwa kitalu hiki.

Cuiyun alipanda hadi kwenye mgongo wa mlima, simu inakoshika, akampigia Profesa Meng, mkuu wake chuoni, akamweleza yaliyokipata kitalu.

"Mwalimu Duan, usijichoshe," profesa alimwambia kwa upole. "Nyuma ya huo mgongo kuna msitu mzima, haujaguswa. Weka kitalu huko. Makala inasubiri namba zako tu, na kamati ya vyeo inakutana kabla ya kiangazi. Wewe mwenyewe unajua."

"Upande ule umekingwa na upepo, Profesa. Ni mahali pengine."

"Ni mlima uleule. Andika 'kitalu cha kati'. Nani atakwenda kutazama?"

Cuiyun alijua kwamba hakuna atakayekwenda. Ndiyo maana hakubisha. Miguu ilimuuma, mgongo ulimuuma, na cheo hicho kilikuwa kimempita mara nyingi kiasi kwamba aliona haya kukitaja. Walivuka mgongo, wakaanza kufunga kamba kutoka mti hadi mti. Msitu ulikuwa mzuri, mnene, umevaa kuvumwani, ule ukoga wa kijani, hadi juu. Shunfa alifukia viazi kwenye majivu, wakala na chumvi ya pilipili.

"Kitalu kizuri hiki," alisema Shunfa akipuliza kiazi. "Hata wewe umenyamaza kama bibi harusi."

"Nimechoka tu."

"Umechoka tangu siku uliyoolewa kwetu. Leo ni uchovu mwingine."

Cuiyun alimenya kiazi chake, akakishika mkononi hadi kikapoa. Kisha akasema, "Nikiandika hivi, nitaulizwa. Kwenye mikutano, mwaka hadi mwaka, wanafunzi nao wataniuliza. Itabidi niukumbuke huu uongo kila mara. Sina nguvu hizo."

"Basi tufungue kamba?"

"Tufungue."

"Ungesema kabla sijafunga, shemeji. Magoti haya si ya serikali."

Walirudi kwenye kitalu kilichovunjika wakafanya kazi kama kawaida. Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua vijani vyembamba, vyepesi mno. Miiba na magugu ya jua kutoka chini yalikuwa yameshafika. Mialoni haipukutishi majani wakati wa baridi, na majani yale mapana ndiyo yaliyobeba theluji mpaka shina likashindwa. Miti michache inayopukutisha ilikuwa bado wima, bila hata tawi lililokatika.

"Kwa hiyo aliyekuwa uchi ndiye aliyepona," Shunfa alisema, akiangusha kitawi. "Ningejua, ningelivua paa zizi mapema."

Cuiyun alicheka, mara ya kwanza siku ile, na kicheko kikageuka kikohozi.

Profesa Meng hakumgombeza. Alimsikiliza, akasema "sawa", na makala ikawekwa kando. Kamati ilikutana, cheo kikaenda kwa kijana wa ofisi ya jirani, aliyemletea Cuiyun peremende za kusherehekea. Alikula mbili. Mwaka uliofuata Shunfa alisema magoti yamekataa, akabaki uani kwake akimwelekeza mpwa wa mkewe namna ya kushika mkasi.

Theluji ilianguka tena, kwenye milima mingine, na watu wakaanza kuuliza msitu hufanyaje baada ya kuvunjika. Profesa alimsimamisha Cuiyun kwenye ujia wa ofisi. "Zile namba zako za miti iliyovunjika, bado unazo?"

"Ninazo."

"Nitumie leo."

Profesa hakutaja cheo, naye Cuiyun hakukiuliza. Alizituma, akafunga mlango, akalaza kichwa juu ya meza na kupumzika kidogo kabla ya kipindi cha alasiri.