Kwa Tundu la Pua

Anayesikia la mkuu ndiye avunjikaye guu. Dada yangu Dorika alilisikia la mkuu neno kwa neno, na nusura apofuke.

Mkuu mwenyewe ni Mjomba Selestini, kaka wa marehemu mama yetu. Kwetu Chilangala mtoto ni wa ujombani. Mjomba asipotamka, huolewi, huhami, hupasuliwi. Dorika alipoanza kuumwa kichwa na kujigonga kwenye milango, Mjomba alitamka: "Salfa hiyo." Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho dawa hiyo ya unga, na msimu huo kila jicho bovu huku kwetu husingiziwa salfa. Akaamuru anawe maji ya uvuguvugu na asikanyage shambani. Dorika akatii. Msimu ukaisha, vumbi likatulia, macho yakazidi kufifia.

"Imeganda ndani," Mjomba akasema. Mwaka mwingine ukapita! Hedhi yake nayo ilikuwa imekatika, ila nani angeuliza?

Siku niliyomkuta amemmwagia mwanawe Huruma uji wa moto mguuni, kwa kutomwona amekaa pembeni yake, nilimpeleka Masasi. Daktari wa macho alimwambia amtazame puani, kisha akanyoosha vidole kulia na kushoto. Dorika hakuona hata kimoja. Tukaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam.

Huko, baada ya picha ya kichwa, Daktari Gwakisa alituonyesha uvimbe uliokaa kwenye tezi chini ya ubongo, ile inayoongoza hata hedhi, mkubwa kama korosho iliyobanguliwa, umekandamiza mishipa ya macho.

"Hatupasui fuvu, Mama Huruma," alisema. "Tunapita tundu la pua na kijiti chembamba chenye taa na kamera, tunatoboa kifupa kule nyuma, tunautoa kidogo kidogo. Hata nywele hatukunyoi. Ila tukichelewa, macho hayarudi."

Dorika alishika kalamu asaini fomu ya ridhaa, akaiweka chini. "Mjomba anasemaje?"

Nikatoka nje kupiga simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Nilipomaliza kueleza, akacheka. "Ubongo unafuatwa kwa njia ya makamasi? Mwambie huyo daktari aanze na pua yake."

"Mjomba, atapofuka."

"Wewe na stashahada yako! Mrudishe nyumbani. Nimesema."

Nilikata simu. Huyu mtu hajawahi kumwuliza Dorika hata anaona nini. Nikarudi ndani.

"Amekubali," nikasema. "Anakutakia heri."

Dorika akasaini.

Siku mbili baada ya upasuaji, pua bado imejaa pamba, aligeuza macho bila kugeuza shingo. "Leonia, mbona umevaa kanga yangu?" Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nililia mpaka nesi akanifukuza.

Tuliporudi Dorika alimshukuru Mjomba kwa ruhusa yake, uongo wangu ukafichuka, na Jumapili iliyopita ukoo ukaitwa. Si kumpongeza Dorika, hata! Nilikalishwa mkekani kama mwizi wa kuku.

"Umenitia maneno kinywani," Mjomba alifoka. "Huyu angekufa, ningesema nini mimi?"

"Ungesema salfa," nikajibu. Shangazi mmoja akaficha kicheko kwenye mtandio.

Dorika ndiye aliyenichoma. "Ungeniambia ukweli, mdogo wangu. Kichwa kilikuwa changu."

"Ningekwambia Mjomba amekataa, ungesaini?"

"Nisingesaini," akasema.

Watu wazima kumi na wawili walilisikia jibu hilo. Hakuna aliyemgeukia Mjomba. Wote walinitazama mimi.

"Piga magoti," Mjomba akasema. "Omba radhi, yaishe, tule."

"Nilidanganya, Mjomba. Jina lako nililitumia bila ruhusa, na keshokutwa nikibanwa hivyo nitalitumia tena. Dada yangu anaona. Siombi radhi."