Ng'ombe Aliyekanwa

Tangu habari ifike sokoni Rangwe kwamba serikali itaandikisha wazee wapewe pesa za kujikimu, Bathsheba hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Aliingia ndani, akasahau alichokifuata, akatoka tena. Mwanawe Cephas, ambaye mgongo wake uliharibika shimo la dhahabu lilipomporomokea kule Migori, alilala mkekani akimfuata kwa macho.

"Wanasema mwenye ng'ombe haandikishwi," mama alisema.

"Nani amesema?"

"Watu."

Jioni alimfungua ng'ombe wake wa pekee, akamswaga hadi kwa Zablon, mdogo wa marehemu mumewe.

"Nishikie mpaka hao watu wapite, shemeji."

"Ndugu ni wa nini, Min Cephas?" Zablon alijibu, akimwita Mama Cephas kwa Kijaluo huku akipokea kamba.

Afisa aliyekuja kwa pikipiki kutoka Homa Bay alikuwa msichana aitwaye Irine. Aliuliza habari za paa, choo na maji, akibonyeza majibu kwenye simu. Naibu wa chifu na majirani walisimama uani, Zablon akiwa miongoni mwao.

"Mifugo, mama?"

"Sina."

"Hata ng'ombe mmoja?"

"Hata mmoja."

Kesho yake alipokwenda kumchukua ng'ombe, alimkuta Zablon akimkamua.

"Ng'ombe gani?" Zablon aliuliza bila kugeuka. "Jana ulisema mbele ya naibu wa chifu kwamba huna. Leo nani atakuamini?"

Bathsheba alirudi nyumbani bila ng'ombe. Akinyamaza, maziwa yamekwenda, na ndiyo yaliyomnunulia Cephas dawa. Akisema, jina lake litafutwa.

"Kaa chini, mama," Cephas alimsihi.

Hakukaa. Alizunguka nyumba, akaenda mtoni bila mtungi, akarudi.

Siku ya baraza majina yalisomwa mbele ya Irine na naibu wa chifu. La Bathsheba lilipotajwa, watu walipiga makofi. Yeye akasimama.

"Nilidanganya. Ng'ombe ninaye. Amefungwa kwa Zablon."

Wengine walicheka. Zablon aliruka juu, akapiga kelele kwamba huyo mama amechanganyikiwa.

"Ng'ombe wa Min Cephas tunamjua sote," sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. "Mimi nilikuwepo Cephas alipomleta kutoka Migori."

Irine alishusha simu yake. "Mama, ng'ombe mmoja hangekuzuia. Lakini sasa umetoa habari za uongo. Lazima nikuondoe, tuanze upya."

"Mbona hamkutuambia mapema?"

Irine alilifuta jina la Bathsheba kwenye simu. 

Bathsheba aliondoka barazani moja kwa moja, akafungua kamba ya ng'ombe bomani kwa Zablon, huku Zablon aliyemfuata akimwangalia. Miezi iliyofuata wenzake walipokea pesa, yeye aliuza maziwa. Alikonda. Kila alipoulizia kwa naibu wa chifu, aliambiwa asubiri.

Mahindi yalipokuwa yakivunwa, Irine alirudi. Kabla hajapewa kiti, Bathsheba alimshika mkono, akamvuta hadi zizini.

"Andika huyu kwanza. Halafu uliza mengine."

Safari hii jina lake lilipita. Pesa zilipoanza kuingia, alimpeleka Cephas hospitali Homa Bay, na sasa kijana anatembea kwa fimbo mpaka barabarani na kurudi. Zablon akikutana nao hugeuza uso. Lakini hata leo pikipiki ikikata kona kuelekea nyumbani kwa Bathsheba, yeye huacha chochote anachofanya, akasimama wima, akihofia afisa amekuja kulifuta jina lake, mpaka ajue ni nani.