Uyoga wa Begani

Walimwita Bi Kofia kwa sababu alimtazama mtu kichwani kabla ya kumtazama usoni. Ni mazoea ya kazi. Yeye na kaka yake walikuwa wakipambanua uyoga wa msituni katika maabara ya makumbusho, na uyoga huanza kujieleza kwenye kofia. Kaka mtu alikaa na hadubini yake dirishani, yeye mlangoni, na kati yao palikuwa na uyoga wa kahawia uliowafanya wanuniane tangu mvua zianze.

Kaka alisema ni aina moja. Bi Kofia alisema ni mbili: huu ukikatwa shina hugeuka buluu, ule wala, huu unanukia sabuni, ule unanuka nguo iliyoanikwa ikanyeshewa.

"Hata wewe ukikasirika unabadilika rangi," kaka alimwambia. "Kuna aliyesema nyie ni wawili?"

"Kaka, usinichokoze. Hiyo pua yako ilishastaafu."

Mkurugenzi aliyachoka makelele yao, akawaamuru wamalizane. Ndipo wakakubaliana wafukue zile nyuzi nyeupe za ardhini zinazozaa uyoga, waone kama wote unatoka tumbo moja. Walianzia msituni, kwenye kisiki ulikoota ule wa kahawia, bega kwa bega, kila mtu na kijiko chake, hawasemeshani. Nyuzi zikapita chini ya uzio, zikakata barabara, zikapanda ngazi za makumbusho bila haraka yoyote, zikajipenyeza ofisini kwa mkurugenzi hadi kwenye mguu wa kiti chake. Na begani kwake, juu ya koti la kijivu, ulikuwa umeota uyoga wenye kofia ya njano.

"Usitikisike!" Bi Kofia akapiga ukelele.

"Nina mkutano."

"Wataahirisha. Huu haujakomaa, mzee wangu. Ukiutikisa hautoi mbegu, na bila mbegu hatutajua ni wa nani."

Mkurugenzi akatulia. Kusema kweli alitulia kwa raha. Alipokea wageni akiwa amekaa wima kama anayepigwa picha, akawa anaongea kwa sauti ya chini ili asiusumbue. Mkewe alikuja kumlisha, akauinamia ule uyoga, akaguna.

"Mbona kama ule wa bafuni kwetu?"

"Mke wangu, usinivunjie heshima mbele ya wataalamu."

Ulipokomaa, Bi Kofia aliunyofoa kwa vidole viwili, akaulaza kifudifudi kwenye karatasi, akaufunika kwa bilauri. Asubuhi wakakuta umedondosha mbegu zake, vumbi la kijani kibichi. Uyoga wa kahawia walioulaza kando yake, wote, ulikuwa umetoa vumbi la waridi.

Bi Kofia akashusha pumzi. "Haya, kaka. Wa kahawia ni aina moja, umeshinda. Lakini huu wa njano uko peke yake."

"Uko peke yake," kaka akaitikia, kisha akashangaa mdomo wake mwenyewe. Wakacheka mpaka wakashikana mikono.

Walipompelekea mkurugenzi habari, hakucheka.

"Peke yake kivipi?"

"Hauna mwenzake msitu mzima," kaka akamwambia. "Ni sifa kubwa."

Mkurugenzi alipapasa bega lililobaki tupu. "Nimekaa ofisi hii miaka, mtu akipita mlangoni anapunguza sauti. Juzi tu ndiyo nimehisi nina wenzangu huko nje. Leo mnaniambia sina?"

Bi Kofia hakuwahi kumwonea huruma mkubwa yeyote, tena hakuwa tayari kudanganya kuhusu vumbi. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Aina ni tofauti, hilo siwezi kulibadilisha. Ila ukoo ni mmoja. Ni ndugu."

"Ndugu wa kweli, au wale wa kukutana misibani?"

"Wa kweli. Nyuzi tumezifukua kwa mikono yetu."

Mkurugenzi akainuka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, magoti yakalia. Akalivaa vizuri koti lake.

"Basi nikawasalimie. Si adabu kuwa na ndugu jirani hivi na sijawahi kukanyaga kwao."

"Na hilo koti lenye doa?" akauliza mkewe, aliyekuwa ameingia na chakula.

"Nikilivua watanitambuaje?"

Mke akaona hakuna namna, akachukua mwavuli. Wakashuka ngazi wameshikana, wakiziruka nyuzi, na Bi Kofia na kaka yake wakatangulia kuwaonyesha njia.